Kontena la Pimbi na Folda ya Mavi ya Popo

"Paukwa," alisema Bwana Makame.

Hakuna aliyeitikia.

Akakohoa kidogo, akasema tena, "Paukwa." Bi Mize, mwenyekiti wa kikundi cha wasomaji, alimtazama tu juu ya miwani yake. Watu kumi na wanane walikuwa wamekaa kwenye mikeka ya skuli, kila mmoja na simu yake mkononi, na kila simu ilikuwa imeandika jambo moja: Hakuna kitabu.

Maana asubuhi ile Bwana Makame, mtu wa miaka hamsini na tatu, aliyezunguka nchi kumi na moja akitengeneza majokofu na kurudi kwao na maneno mengi kuliko mizigo, alijitolea kusafisha kompyuta ya kikundi. Akaona humo kitu kinaitwa kontena, kinachukua nafasi kubwa. Akakifuta. Kumbe ni maktaba yao, aliyoitengeneza yeye mwenyewe mwaka jana na kuisahau. Kisha akawatangazia wenzake kwamba kompyuta sasa ni nyepesi kama karatasi.

"Makame," alisema Bi Mize, "sisi tumekuja kusoma."

"Najua, Bi Mize. Vitabu havipo, lakini mdomo upo. Paukwa."

Mtu mmoja wa nyuma alicheka bila kutaka, na wengine wakashindwa kujizuia. "Pakawa," wakaitikia, shingo upande.

"Pakawa kisanduku."

"Kina nini?"

"Kina kila kitu."

"Na ukikifungua?"

"Hakina kitu. Sasa nisikilizeni."

Hapo kale, lakini si kale sana, kwa sababu umeme wa jua ulikuwa umeshafika, wanyama wa Bonde la Mawe walikuwa na kompyuta moja. Ilikaa pangoni kwa Pimbi, mnyama wa majabalini mwenye kimo cha paka, asiye na mkia wala nguvu, lakini mwenye macho ya kumwona kila anayekuja. Pimbi ndiye aliyekuwa mkutubi wao.

Kazi yake aliifanya hivi. Ndani ya kompyuta alitengeneza kontena, yaani sanduku lisilogusika. Ndani ya sanduku akaweka programu ya maktaba, ile inayopanga vitabu na kumpelekea kila mnyama kitabu chake kwenye simu. Programu ikakaa humo na vyombo vyake kama mpangaji chumbani. Haimchafulii mtu nyumba, na hakuna anayeichafulia chumba. Lakini vitabu vyenyewe Pimbi hakuviweka ndani. Aliviweka nje, kwenye folda ya kawaida, pamoja na daftari la nani amefika ukurasa gani. Halafu akatoboa dirisha ukutani mwa sanduku. Programu ikawa inachungulia dirishani, inanyoosha mkono, inachukua kitabu. Aliyeitazama juu juu angeapa kwamba vitabu vyote vimo ndani.

Sanduku Pimbi aliliita Maktaba Kuu. Folda aliiita Mavi ya Popo.

"Kwa nini jina hilo?" aliuliza Bi Kanga, ndege mwenye madoadoa, msomaji kuwashinda wote bondeni.

"Wewe ungeifungua?"

"Hata kwa fimbo."

"Basi ndiyo maana."

Siku hizo Bi Kanga alikuwa akisoma riwaya ya mapenzi yenye sura thelathini. Alikuwa katika sura ya ishirini na tisa. Bwana harusi ameshavaa kanzu, watu wameshakaa, na barua imefika.

Mara, ndi, ndi, ndi. Nani? Kiboko.

Kiboko alitaka kivuli cha ukingoni, akakichukua. Alitaka majani ya ng'ambo, akayachukua. Alitaka bwawa la Mamba, akalichukua, na Mamba akahama bila kuaga. Sasa alisimama mlangoni kwa Pimbi. Kichwa kikaingia, mwili ukabaki nje, pango likawa giza.

"Mpwa wangu," alisema, "nasikia una maktaba."

"Ni ya wote, mjomba."

"Na mimi ni katika hao wote. Kuanzia leo ni yangu. Anayetaka kusoma aje bwawani kwangu, na kila akija abebe mzigo wa majani mabichi."

Bi Kanga alijikunyata. Alikuwa na uzito wa kuku na nusu. Mzigo wa majani angeubebea wapi?

Pimbi naye alipiga hesabu. Alijua kwamba Kiboko akiondoka na vitabu, bonde zima halitasoma tena. Alijua pia kwamba akikataa, jino moja tu la mjomba lingemtosha. Akalainisha sauti.

"Sawa, mjomba. Lakini vitu viko viwili. Kuna sanduku na kuna folda. Unataka kipi?"

Kiboko akasogeza jicho karibu na kioo cha kompyuta. Akatazama, akatazama. "Nisomee majina. Macho yangu yamezoea maji."

"Hili ni Maktaba Kuu. Hii ni Mavi ya Popo."

"Unanifanyia mzaha?"

"Ndivyo vinavyoitwa, mjomba. Nakuuliza mara ya kwanza: sanduku au folda?"

"Sanduku."

"Mara ya pili: sanduku au folda?"

"Sanduku."

"Mara ya tatu, na Bi Kanga ni shahidi: sanduku au folda?"

"Sanduku, sanduku, sanduku. Hayo uliyonayo ni masikio au ni mapambo?"

Pimbi akalinakili sanduku kwenye flashi, akaifunga kwa uzi kwenye sikio la Kiboko. Kiboko akatikisa kichwa, akaona imeshika.

"Sasa lifute hilo lako," alisema. "Hapa hapa, nikiona."

"Usilifute, mwanangu," alinong'ona Bi Kanga.

Pimbi akabonyeza. Tii. Kioo kikawa kitupu. Bonde zima simu zikaandika: Hakuna kitabu. Kiboko akaondoka zake, ndi, ndi, ndi, anapiga mluzi.

Bi Kanga akaangua kilio. "Barua ilisema nini? Nitaingia kaburini sijui barua ilisema nini."

"Ngoja," alisema Pimbi. Mwaka mzima alikuwa akiwaambia wenzake kwamba sanduku likipotea linajengwa upya kwa mstari mmoja wa maandishi. Hakuwahi kujaribu hata siku moja. Akavuta karatasi iliyokuwa chini ya jiwe, akaandika kama ilivyoandikwa, ta-ta-ta-ta. Tii. Sanduku likainuka, jipya, linang'aa. Ndani yake rafu zote tupu.

"Ndiyo umeniua hivyo," alisema Bi Kanga.

Pimbi alijipangusa jasho. Akaitazama tena karatasi, akaona ukingo wake umekunjika. Akaukunjua. Chini ya mkunjo ulikuwamo mwisho wa mstari, maneno yote ya dirisha.

"Nimejenga chumba bila dirisha," alisema. "Programu imo, haioni nje."

Akalivunja sanduku jipya bila huruma, akajenga tena, safari hii mstari mzima. Ta-ta-ta-ta, ta-ta-ta-ta. Tii. Kwanza kikaonekana kitabu kimoja, kisha kumi, kisha mia, kisha vyote mia sita na viwili. Simu ya Bi Kanga ikalia ndani ya ubawa: Sura ya ishirini na tisa. Uendelee?

Kule bwawani, Kiboko alikuwa ameazima kompyuta ya Nyani na kuwaita majirani waje kushuhudia. Flashi ikaingia, sanduku likafunguka, programu ikamsalimu kwa adabu zote. Nyani akasoma kwa sauti: "Karibu Maktaba Kuu. Vitabu: sifuri." Kiboko akaitikisa kompyuta. Akaipindua. Akaing'ata kidogo pembeni.

"Mjomba," alisema Nyani, akiipangusa mate, "umemchukua mpanga vitabu, vitabu umeviacha."

Ndindindindi. Kichwa kikaingia pangoni, giza tena.

"Vitabu vyangu viko wapi?"

"Nilikuuliza mara tatu, mjomba."

"Mara tatu," alisema Bi Kanga, macho kwenye simu. "Ukajibu sanduku, sanduku, sanduku. Sasa nyamaza, barua inafunguliwa."

Kiboko akafungua kinywa. Pimbi alikiona chote mpaka kooni, akashika ukuta. Lakini kinywa hakikushuka juu yake. Kilikaa wazi kidogo, kisha kikajifunga taratibu.

"Barua ya nani?" aliuliza Kiboko.

Bi Kanga akayainua macho kutoka kwenye simu.

"Kila siku mnakaa mawe ya juu na simu zenu mnacheka," alisema Kiboko. "Mimi majini nasikia kicheko tu. Mnachochekea sikijui. Nikadhani nikiichukua maktaba, na kicheko kitahamia kwangu."

"Si ungeomba, mjomba."

"Ningeomba, ungenipa kitabu. Ungenipa kitabu, ungejua."

"Ningejua nini?"

"Kwamba sijui kusoma. Wewe nawe."

Pimbi hakucheka, na hapo ndipo alipofanya ujanja wake wa mwisho: alijifanya anatafuta kitu chini ya jiwe, ili mjomba apate muda wa kupangusa macho. Bi Kanga akaitazama ile barua iliyokuwa imebaki ukurasa mmoja tu. Akashusha pumzi. Akarudi mpaka ukurasa wa kwanza.

"Kichwa ndani, mwili nje," alimwambia Kiboko. "Na usipumue kwa nguvu, unanipeperusha. Sura ya kwanza."

Bwana Makame akawatazama watu wa mikekani. Wengine walikuwa wameziweka simu chini.

"Kisanduku nimekifunga, dirisha nimeliacha wazi, anayetaka achungulie. Na funzo la hadithi hii, ndugu zangu, ni hili: ukiwa na kitu cha thamani kitie chote ndani ya sanduku moja, uliandike jina kubwa, na asubuhi ukikuta sanduku usilolikumbuka, lifute."

"Vitabu vya Pimbi vilikuwa nje," alisema Bi Mize.

"Vilikuwa nje."

"Na vyetu uliviweka wapi?"

Bwana Makame aliutazama mkeka. "Ndani."

Bi Mize akafungua mkoba wake, akatoa flashi iliyofungwa uzi mwekundu. "Nilivinakili siku ile ile uliposema umejifunza kompyuta. Kaa chini, Makame, na usiguse kitu."