Kopo Lenye Picha ya Mtoto Mnene

"Basi niambieni mimi ni mjinga," alifoka Bi Mwanahawa, "maana sijapata kuona mwanamke mwenye maziwa kifuani akamnywesha mwanawe maziwa ya kopo."

Sauti ilishavuka ua na kufika kwa majirani. Alikuwa ametoka Kwihara kwa miguu baada ya kusikia mjukuu anaharisha, na alipoingia tu akamkuta Mfaume amelala kama kitambaa kilicholowa, macho yameingia ndani, utosi umebonyea. Kando yake chupa yenye chuchu ya mpira, nzi wameizunguka kana kwamba wamealikwa.

Twalibu, mkwewe, akajibu kwa ukali uliomtisha hata mwenyewe. Alisema tangu vita viishe dunia imebadilika, wake wa Wazungu wanalea kwa kopo, na kopo lenyewe lina picha ya mtoto mnene.

"Basi ilishe hiyo picha," akasema mama mkwe.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka wako mkuukuu. Msala wa mpita njia, hata ung'ae vipi, mwenyewe ataondoka nao na wewe utabaki mavumbini. Tabora imeona misala mingi ikipita na misafara, na Twalibu methali hii anaijua tangu chuoni. Lakini alikuwa na siri imemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Ukweli ni kwamba Wazungu hawakuwamo. Twalibu alikuwa akitengeneza reli huko Tura. Mwezi ulipoandama alirudi nyumbani, mkewe Siwema bado ananyonyesha, na hawakungoja mtoto atembee kama desturi inavyotaka. Asubuhi wakaingiwa na hofu kwamba wamembemenda, maana watu husema mtoto akinyonya ziwa la mama aliyelala na mumewe, hudhoofika mpaka akafa. Wakakata shauri kimya kimya: Siwema aache kunyonyesha, Twalibu akanunue kopo dukani kwa Mhindi. Kopo lilikuwa likiisha upesi, ikawa maji ya kisima mengi, maziwa kidogo. Mtoto akaanza kuharisha. Wao wakaona ndiko kubemendwa huko, wakazidi kumpa chupa, naye akazidi kuharisha.

Sasa ayaseme vipi hayo mbele ya mkwe, mtu ambaye hata kula naye ni haya? Twalibu akamtazama Mfaume. Mtoto alifungua mdomo alie, sauti isitoke. Hapo haya ikamwisha.

"Mama, tulilala pamoja," akasema, macho sakafuni. "Tukaogopa tumembemenda."

Siwema akajifunika uso kwa kanga. Bi Mwanahawa akakaa kitako, mabega yakaanza kumtikisika. Twalibu akadhani analia, kumbe anacheka.

"Siwema, kaka yako Selemani alikuwa bado ziwani nilipobeba mimba yako. Alibemendwa? Si ndiye huyo anabeba magunia stesheni, na sinia analimaliza peke yake?" Akamgeukia mkwewe. "Na wewe baba, aibu yenu nyinyi, njaa mnampa mtoto?"

Kazi ikaanza. Ziwa lilishaanza kukauka. Mfaume alivuta, akaachia, akarembua macho. Bi Mwanahawa akamkanda bintiye kifua kwa maji ya moto, akampikia uji wa karanga, akamrudisha mtoto ziwani, akiachia anamrudisha tena. Jioni yakatoka matone. Twalibu hakula. Kesho yake adhuhuri akasikia kitu alichokuwa amekisahau: mwanawe anameza, gudu, gudu, kama mtu mzima aliyetoka shamba.

Akampakata ili mkewe naye ale. Mara akahisi vuguvugu linamshuka pajani. Suruali yote ya kaki ililowa, na tangu juzi mtoto huyo hakuwa na hata tone la mkojo.

"Amekuamkia huyo," akasema Bi Mwanahawa. "Itikia."

"Marahaba," akaitikia Twalibu, machozi yanamtiririka na kicheko juu.

Akamrudisha mtoto kwa mamaye. Akaiokota ile chupa na kopo lake la mtoto mnene, akatoka kwenda kuvitupa jalalani, akaufunga mlango polepole asimshtue anayenyonya. Usiache mbachao kwa msala upitao.