Fisi na Mgongo wa Ndani

Waliokuwepo ni hawa. Wa kwanza, Maalim Muhidini bin Mwinyikondo, mwenye chuo na mwenye ngano. Wa pili, mkewe, Bi Mwanakombo binti Jumbe, aliyekuwa akisuka ukili mlangoni na hakuinua uso mpaka mwisho. Wa tatu, Hemedi bin Rajabu, ambaye si Hemedi bin Rashidi wa Bweni. Yule siku hiyo alikuwa na tetekuwanga. Wa nne, Zahoro bin Mselemu, ambaye baadaye alikuwa fundi cherehani. Wa tano, Saburi binti Feruzi, aliyekuwa na umri wa miaka tisa na ulimi wa miaka arobaini. Wa sita ni mimi.

Ilikuwa Alhamisi, Pangani, mwaka 1944, baada ya sala ya alasiri. Asubuhi tulikwenda skuli ya serikali, jioni tulikwenda chuoni, na Alhamisi chuo kilifungwa mapema. Tulikuwa tumeosha vibao na kuviegemeza ukutani vikauke. Wino wa masizi ulikuwa bado umetutia weusi vidoleni. Mpaka leo nikinusa masizi yaliyolowa, naiona baraza ile, na kikombe cha Maalim kisicho na mkono.

Zahoro ndiye aliyeanza. Alisema, "Maalim, sisi tunasoma tu, hatuambiwi maana. Mbona watu wazima unawafasiria?"

Maalim alikunywa kahawa. Aliita, nasi tukaitikia:

"Nije, nisije?"

"Njoo, mkeka umetandikwa!"

"Nimebeba kweli, nimebeba na uongo!"

"Vitue vyote, tutachagua wenyewe!"

Basi akatua.

Hapo kale wanyama wa nyika walikuwa na Waraka. Waliuandika mababu zao juu ya kipande cha ngozi, wakauweka pangoni. Haukuwa mrefu. Lakini wanyama waliupenda, na kila siku ya soko walikusanyika mbele ya pango ili wasomewe na waelezwe.

Mwenye kuwaeleza alikuwa Kobe. Kobe alisoma polepole, akaeleza polepole zaidi. Na kila mara, kabla ya kufungua Waraka, aliwataja walimu wake. Alisema, "Nimepokea kwa Nungunungu. Nungunungu alipokea kwa Kakakuona. Kakakuona alipokea kwa bibi yake. Na bibi yake alipokea kwa nani? Sijui."

Wanyama waliitikia, "Tumesikia."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi: asiyetaja alikopokea, hasikilizwi. Na kama mwalimu wake yu hai, huitwa, huketishwa mbele, na mwanafunzi hafungui kinywa mpaka apewe ruhusa.

Siku moja Kobe akafa. Akafa kwa uzee, shwaa, kama mshumaa. Wanyama wakalia siku saba. Siku ya nane wakaenda pangoni, wakamkuta Fisi amekaa juu ya jiwe la Kobe, amejifunga kilemba, Waraka uko mapajani.

"Fisi! Wafanya nini hapo?"

"Niiteni Shehe Fisi. Kaeni chini, darsa limeanza."

Wakakaa. Kilemba kilikuwa kikubwa sana.

"Ikawaje wakakaa?" Saburi aliuliza. "Si walimjua ni Fisi?"

"Saburi," Maalim alisema, "ukiona kilemba kikubwa, nawe utakaa."

Fisi akasoma: "Waraka unasema hivi: *Mwenye kiu asirudishwe kisimani.* Maana yake ni hii. Mtu harudishwi mpaka awe amefika. Kwa hiyo msifike. Mkiwa hamjafika, hakuna atakayerudishwa, na Waraka utakuwa umetimizwa. Kisima nitakilinda mimi."

Wanyama wakasema, "Kumbe!" Wakarudi nyumbani na kiu yao.

Fisi akaenda kisimani, akanywa, gugu, gugu, gugu.

Siku ya soko ya pili Fisi akasoma: "Waraka unasema hivi: *Mnyonge abebwe mgongoni.* Maana yake ni hii. Kila neno lina maana ya nje na maana ya ndani. Maana ya nje ni ya wajinga, maana ya ndani ni ya wanazuoni. Mgongo wa nje ni huu mnaouona. Na mgongo wa ndani ni upi?"

Wanyama wakatazamana migongo.

"Ni tumbo," akasema Fisi. "Kila siku ya soko mtaniletea mnyonge mmoja, nami nitambeba."

Wanyama wakasema, "Kumbe!" Lakini safari hii waliisema kwa sauti ndogo.

Siku ya soko ya tatu aliletwa Paa aliyekuwa na homa. Fisi akambeba. Kwap! Hakumshusha.

Siku ya soko ya nne aliletwa Kanga mwenye bawa lililovunjika. Fisi akambeba. Kwap! Manyoya mawili yakabaki juu ya jiwe.

Kisha Fisi akajilamba, akatazama huku, akatazama huku, akasema, "Wiki ijayo nileteeni mama yake Nguchiro. Nimesikia hawezi tena kutembea. Namwonea huruma sana."

Sasa, Nguchiro ni mnyama mdogo. Hana pembe, hana ukucha wa kutisha, hana hata sauti. Ana mama. Alikwenda nyumbani akamkuta mama yake amekaa mlangoni, anaota jua.

"Mama, Shehe Fisi anataka kukubeba."

"Anibebe kwenda wapi?"

"Hasemi."

Mama akafikiri. "Marehemu Kobe alikuwa akianza vipi darsa lake?"

"Alikuwa akitaja walimu wake."

"Na Fisi hutaja nani?"

Nguchiro akasimama. Alikuwa hajawahi kufikiri hilo. Wote hawakuwa wamefikiri hilo, kwa sababu ya kilemba.

Siku ya soko ikafika. Nguchiro alikuja mbele, akamwinamia Fisi mpaka pua ikagusa vumbi.

"Shikamoo, Shehe."

"Marahaba. Mama yuko wapi?"

"Yuko njiani, anakokotwa na wajukuu. Shehe, majirani zetu wa bonde la pili wanatucheka. Wanasema shehe wetu hana mwalimu. Mimi nikawaambia, nyamazeni, elimu kubwa kama ile haiwezi kuota kama uyoga! Basi tutajie, Shehe. Umepokea kwa nani?"

Wanyama wote wakainua masikio.

Fisi akafikiri haraka. Nikisema Kobe, watasema Kobe hakufundisha hivi. Nikisema Nungunungu, amekufa zamani, watanihesabia miaka. Nitataja mkubwa ambaye hakuna atakayethubutu kwenda kumwuliza.

Akajikohoza. "Nimepokea kwa Simba."

Wanyama wakasema, "Tumesikia," wakasogea nyuma hatua moja.

"Alhamdulillahi!" akapiga kelele Nguchiro. "Simba yu hai! Desturi ni desturi, mwalimu aliye hai haachwi nyumbani. Shehe, usifungue kinywa. Nakwenda kumwita."

"Ngoja! Si lazima!"

Lakini Nguchiro alikuwa ameshaondoka, pirikapirika, pirikapirika, mpaka ng'ambo ya kilima. Alijua kwamba anayekwenda kumwamsha Simba huenda asirudi. Alijua pia kwamba asipokwenda, mama yake hatarudi.

Akamkuta Simba amelala chali.

"Shikamoo, Bwana Simba."

Simba akafungua jicho moja. "Marahaba. Ajabu, leo chakula kimekuja chenyewe, na adabu kinayo."

"Nimetumwa kumwita mwalimu wa mwalimu wetu."

"Mwalimu gani?"

"Wewe, bwana. Fisi anasema elimu yake yote ameipokea kwako."

Simba akafungua jicho la pili. Maisha yake yote alikuwa ameitwa mfalme, ameitwa muuaji, ameitwa majina ambayo hayaandikiki. Hakuwahi kuitwa mwalimu. Akainuka, akajikung'uta majani, akajilamba manyoya ya shingo mpaka yakalala vizuri.

"Mwalimu," akasema. "Twende."

Hapa Maalim alisita ili anywe kahawa, na Hemedi bin Rajabu, ambaye hakuwa na subira, alisema, "Akamla! Simba akamla Fisi!"

"Nani anasimulia, Hemedi?"

"Wewe, Maalim."

"Basi mwache Fisi aishi dakika mbili zaidi."

Simba alifika, akaketishwa mbele. Fisi alikuwa juu ya jiwe. Meno yake yaligongana ka-ka-ka-ka, na kilemba kilimteremkia machoni.

"Endelea na darsa, mwanangu," akasema Simba. "Nataka nisikie nilichokufundisha."

"Wa-Waraka unasema hivi: *Mnyonge abebwe mgongoni.*"

"Maneno mazuri. Nami nilikufundisha maana yake ni nini?"

Fisi akakisukuma kilemba juu.

Nguchiro akainua mkono. "Bwana mwalimu, mwanafunzi wako ana haya mbele yako. Sisi alitueleza vizuri. Alisema mgongo wa nje ni wa wajinga. Mgongo wa ndani ni tumbo. Kwa hiyo mnyonge hubebwa tumboni."

"Loo!" akasema Simba. "Kumbe mimi ni mwanachuoni mkubwa." Akasogea mbele kidogo. "Sasa, mwanangu, nina swali dogo tu, la kukupima. Kati yangu mimi na wewe, mnyonge ni nani?"

Wanyama wote wakanyoosha shingo.

Fisi akifikiri kusema mimi ndiye mnyonge, akaliona tumbo la Simba. Akifikiri kusema wewe ndiye mnyonge, akayaona meno ya Simba. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akaruka kutoka juu ya jiwe, akalala kifudifudi.

"Mgongoni, bwana! Mgongoni! Mgongoni ni mgongoni tu! Hakuna maana ya ndani, niliitia mimi! Mgongo ni huu hapa!"

"Hata mimi nilidhani hivyo," akasema Simba, kwa masikitiko. "Basi beba."

Na mama yake Nguchiro akafika wakati ule ule, anakokotwa na wajukuu. Wakampandisha mgongoni. Alikuwa bibi mwenye adabu, hakutaka kumsumbua mtu shingoni, akakaa nyuma kabisa.

"Usogee mbele, bibi," akasema Fisi.

"La, mwanangu, hapa panatosha."

Baada yake akapanda Sungura mwenye mguu mbovu, akapanda Ngiri kipofu, akapanda kila mnyonge wa nyika, na kila aliyepanda alikaa nyuma kabisa kwa adabu. Fisi akawapeleka kisimani, wakanywa, gugu, gugu, gugu, akawarudisha. Hata jioni mgongo wake ulikuwa umeinamia nyuma, na mpaka leo haujanyooka. Mkimwona, mtazameni kiuno.

Simba akaenda zake. Alisema kufundisha kunachosha kuliko kuwinda.

Basi wanyama wakamshika Nguchiro, wakamkalisha juu ya jiwe, wakamfunga kilemba. Nguchiro akakataa mara mbili, akakubali mara ya tatu. Siku ya soko iliyofuata akafungua Waraka, akasoma: "Waraka unasema hivi: *Mayai ya ndege yahifadhiwe.*" Akameza mate. "Maana yake ni hii. Kuhifadhi kuna namna mbili, ya nje na ya ndani..."

Nyuma kabisa akasimama kifaranga, mtoto wa yule Kanga wa bawa lililovunjika. Akauliza, "Shehe, umepokea kwa nani?"

Maalim aliweka kikombe chini.

"Nimeitua. Mwenye kuipenda aibebe!"

"Tumeibeba! Mgongoni, si tumboni!"

"Na funzo lake," akasema Maalim, akimtazama Zahoro kwa uso usio na hata tone la kicheko, "ni kwamba mwanafunzi mwema haulizi maswali. Mwone Nguchiro. Aliuliza swali moja tu, na Fisi wa watu akaharibika mgongo."

Tulikuwa tayari kuondoka. Saburi hakusimama.

"Maalim," alisema, "na wewe umepokea kwa nani?"

Hapo ndipo Bi Mwanakombo alipoinua uso kutoka kwenye ukili. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Haya, Shehe," alimwambia mumewe. "Umeulizwa."

Maalim alikaa sawasawa, kama anavyokaa mtu mbele ya kitabu. "Ngano hii nimeipokea kwa Mwinyi Hatibu bin Sheha wa Mkwaja. Mwinyi Hatibu aliipokea kwa mama yake, Bi Aziza binti Kombo. Na Bi Aziza aliipokea kwa nani?" Alifikiri. Alifikiri kweli, naona hata leo vile vidole vyake vikizunguka ukingo wa kikombe. "Sijui," alisema.

Tukaitikia, "Tumesikia."

Tangu hapo nimesikiliza wafasiri wengi, wenye vilemba vya kila ukubwa. Wengi walijua mambo mengi. Sijamsikia mwingine akilitamka neno lile vizuri kama Maalim Muhidini, katika baraza ile, vibao vikikauka ukutani.

Nami nimepokea kwake. Maalim alifariki mwaka 1957 na Bi Mwanakombo mwaka uliofuata. Hemedi bin Rajabu alizikwa Korogwe, Zahoro Mombasa. Tukabaki wawili wa kuulizana. Kila Idi nilikwenda Tanga kwa Saburi, na kila Idi alinisahihisha: alishikilia kwamba aliyebebwa kwanza alikuwa Digidigi, si Paa, na kwamba mzee mimi nimechanganya. Hapa nimeandika Paa. Nilikusudia kumwuliza tena.

Saburi binti Feruzi alifariki Jumanne iliyopita.