Bi Pimbi na Wagonjwa wa Nchi ya Mbali

Sogeeni, wanangu. Enzi hizo wanyama walipokuwa na nyumba na kazi kama sisi, palikuwa na hospitali kubwa juu ya kilima. Mkuu wake alikuwa Profesa Tembo. Wagonjwa walisafiri siku saba kumfuata, na wanafunzi wake, Twiga na Nyati, walisoma magonjwa yenye majina ya kuvunja ulimi.

Bondeni, nyuma ya ukuta, waliishi wanyama wadogo. Ndio waliofagia wodi na kufua mashuka. Bi Pimbi alikuwa mfuaji.

Asubuhi moja binti yake, Zawena, aliamka kifua kimembana. Kho! Kho! Mbavu zilikuwa zikiingia ndani kila akivuta pumzi. Bi Pimbi akambeba mbio hadi getini.

“Barua ya rufaa iko wapi?” akauliza Kifaru, askari wa geti.

“Kaka, hunijui? Mimi nafua mashuka yenu!”

“Mlango wa wafuaji ni kule. Hapa ni pa wagonjwa, na wagonjwa wetu hutoka mbali. Hicho ni kikohozi tu, kampe maji ya moto.”

Bi Pimbi akarudi bondeni, akamwacha Zawena kwa jirani yake, Bi Nungunungu. Kisha akajitwika kikapu cha mashuka, akapita mlango wa wafuaji, moja kwa moja hadi darasani.

“Profesa! Kuna nchi, mbali hukooo! Watoto wake wanapumua hrr, hrr, hrr! Hakuna daktari aliyewahi kufika. Hata jina la ugonjwa halijaandikwa!”

Masikio ya Tembo yakapiga pwaa! “Halijaandikwa? Twiga, daftari! Nyati, beba dawa! Twende!”

Bi Pimbi akawazungusha kilima kizima: msituni, mtoni, matopeni, chubwi! chubwi! Kila hatua ilimchoma moyo, maana Zawena alikuwa akimsubiri. Lakini alijua kwamba wakubwa hawa wasipochoka, hawataamini kuwa wamefika mbali.

Adhuhuri wakatokea bondeni. Tembo akaweka sikio kwenye kifua cha Zawena.

“Homa ya mapafu! Dawa, upesi!”

Wakamtibu yeye na watoto wengine kumi na mmoja. Jioni Zawena akaomba uji.

“Ajabu,” akasema Twiga, akiandika. “Ugonjwa wa kawaida kabisa, na dawa yake tunayo tele. Nchi hii inaitwaje?”

Akainua shingo juu ya vichaka atazame. 

“Profesa... naliona dirisha la darasa letu.”

“Umetudanganya!” Nyati akafoka.

“Nimewadanganya,” akasema Bi Pimbi. “Ningesema ni hapa, mngekuja?”

 Tembo akamgeukia Bi Nungunungu. “Mama, ugonjwa huu mnao tangu lini?”

“Mwanangu alikufa Jumanne,” akajibu taratibu. “Tulikuwa tunakusikia ukifundisha.”

Tembo akaketi chini, puu!  Kisha akainuka, akauendea ukuta wa hospitali, akausukuma kwa paji la uso hadi ukabomoka upande wa bondeni. Hapo ukawekwa mlango, na Kifaru akakatazwa kumwuliza barua yeyote apitaye.

Basi wanangu, mgonjwa wa jirani ni mgonjwa kamili, hahitaji kutoka mbali ndipo aonekane.