Breki za Bwana Mwinyikai

Palikuwa na tajiri mmoja katika mji wa Mteremko, Bwana Mwinyikai, muuza breki za magari pekee mjini. Mji wenyewe umekaa ubavuni mwa mlima, na breki zake zilikuwa hazikamati. Watu wakamwendea dukani kulalamika. Akatoa amri: "Anayedai breki yangu imekatika, aniletee hiyo breki ikiwa nzima!"

Siwatu, mama muuza mihogo, pikapu yake ilishuka mlima bila kumsikiliza, ikapenya ukuta wa kinyozi. Kinyozi akaruka dirishani na wembe wake, mteja akabaki na ndevu shavu moja. Siwatu alitoka mzima, ila usiku alikuwa akiota anakanyaga, anakanyaga, gari linakwenda tu. Akapita nyumba kwa nyumba kuwakusanya wenzake. Wengine mikono imefungwa bendeji, wengine magari yamelala mtaroni. Wakafungua kesi moja, wote kwa pamoja.

Mahakama ikafurika. Bwana Mwinyikai akainuka, kanzu inanukia udi.

"Mheshimiwa Hakimu, kesi gani hii ya kundi? Kila mtu ana gari lake na balaa lake. Waje mmoja mmoja."

Hakimu akatikisa kichwa kama anayekubali. Siwatu akawaza: Wakienda mmoja mmoja, huyu bwana atawatafuna mmoja mmoja. Akasimama.

"Mheshimiwa, alipouza alipita na kipaza sauti: 'Njooni nyote, breki ni zile zile!' Katudanganya kwa jumla. Kujibu ndiyo anataka rejareja?"

Watu wakaangua kicheko. Hakimu akakohoa kuficha chake.

"Kesi itasikilizwa kwa pamoja," akasema.

Tajiri akafura. "Basi sikilizeni kwa pamoja! Breki zangu nzima. Mibovu ni miguu yenu. Hamjui kukanyaga!"

"Mji mzima?" Siwatu akauliza.

"Mji mzima!"

"Hata shehe?"

"Hata shehe!"

"Na wewe, Bwana, mguu wako?"

"Mguu wangu?" Akaunyoosha mbele, kiatu kinang'aa. "Huu ndio mguu! Mguu unaojua kazi!"

"Mashallah," Siwatu akasema. "Mheshimiwa, pikapu yangu iko nje. Jana nimefunga breki mpya kutoka dukani kwake. Kupanda huku tumeisukuma, kushuka ndiyo naogopa na mguu wangu huu mbovu. Namwomba Bwana aniteremshie mpaka sokoni."

Wote wakageuka kuutazama mteremko kupitia dirishani. Umeanguka wima, na chini kabisa ng'ombe wa watu wanavuka barabara.

"Ombi jepesi," Hakimu akasema. "Siwatu, mpe funguo. Bwana Mwinyikai, nenda kaendeshe."

Siwatu akamning'inizia funguo mbele ya pua. Jasho likamtoka tajiri mpaka kofia ikalowa. Akapiga hatua moja kuelekea mlangoni, akaiona pikapu, akarudi nyuma na kuketi chini pu!

"Mheshimiwa, siwezi. Mguu unaniuma."

"Umeanza lini?" Hakimu akauliza.

"Sasa hivi!"

Siwatu akamgeukia Hakimu.

"Basi mwandike na yeye upande wetu, Mheshimiwa. Sisi breki zake zimetuumiza tulipozikanyaga. Mwenzetu zimemuumiza kabla hajazigusa."