Mteja Aliyefungua Faili

Hii nimetumiwa na shemeji yangu, nami nimeshindwa kukaa nayo peke yangu. Isome polepole, hasa wewe unayependa kuuliza watu maswali.

Palikuwa na binti mmoja anaitwa Subilaga, mwaka wa tatu chuoni, anasomea ustawi wa jamii. Darasani alikuwa moto. Ukimgusa kidogo tu, anakumwagia nadharia zote pamoja na tarehe zake. Ikafika zamu ya mafunzo kwa vitendo, wiki nane katika ofisi ya ustawi ya mji mmoja wa milimani, kule ambako mvua haina adabu.

Sharti la chuo lilikuwa moja. Kila mwanafunzi amhudumie mteja mmoja mwanzo hadi mwisho, aandike ripoti yake kamili. Huna ripoti, unarudia mwakani huku wenzako wanavaa majoho. Kwa Subilaga hilo lingekuwa balaa, maana mama yake alishashonesha sare ya kitenge ya mahafali, yeye na shangazi saba.

Afisa ustawi, mama Chaula, akamkabidhi jalada lililochakaa.

"Huyu ni Mzee Kasyupa, karani wa mahakama mstaafu. Mkewe alifariki mwaka juzi. Anaishi peke yake, hatoki, hali vizuri. Wanafunzi sita wamepita kwake."

"Waliandika nini?"

"Soma mwenyewe."

Subilaga akafungua. Wote sita, utadhani walikaa dawati moja, waliandika maneno yale yale: *Mteja hatoi ushirikiano.* Binti akacheka kimoyomoyo. Hao hawakusoma, akasema.

Kesho yake akapiga hodi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Karibu ukae. Umekula?"

Hapo Subilaga akakumbuka somo. Mwalimu wake, Mwalimu Kahangwa, aliwaimbia mwaka mzima: wewe unauliza, mteja anajibu, habari zako usimpe hata chembe. Akajifanya hakusikia. Akatoa fomu yake yenye maswali arobaini.

"Babu, swali la kwanza. Kuanzia moja hadi tano, unajisikia mpweke kiasi gani?"

Mzee akamtazama. "Na wewe je?"

"Hapana babu, maswali nauliza mimi."

"Haya. Basi kajiulize huko nje."

Mlango ukafungwa, ko! Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu hivyo hivyo. Wiki ikaisha, fomu ina jina tu, na jina lenyewe alilinakili kutoka kwenye jalada.

Wiki ya pili mvua ikamkuta njiani. Akafika kwa mzee amelowa chapachapa, anatetemeka.

"Umekula?" mzee akauliza, kama kawaida yake.

Kabla Subilaga hajafungua mdomo, tumbo lake likajibu, tena kwa sauti. Mzee akacheka mpaka akashika mlango.

"Kati yenu wawili, huyo ndiye msema kweli," akasema.

Jamani, binti akakaa chini, akasema yote. "Sijala, babu. Mimi hata maharage kupika sijui, kila siku nayaunguza. Na nikikosa ripoti yako narudia mwaka, na mama ameshashona kitenge!" Akalia kabisa, kilio cha kamasi.

Mzee akaingia ndani. Akarudi na miwani na kaunta buku kubwa. Akaandika tarehe juu, kwa mwandiko ule wa kikarani.

"Endelea," akasema. "Jina lako kamili?"

Tangu siku hiyo mambo yakageuka. Subilaga akawa anakuja kila baada ya siku moja, mzee anamfundisha kupika. Mzee ambaye hakukanyaga sokoni tangu msiba akaanza kwenda mwenyewe, maana binti alikuwa anauziwa nyanya zilizooza na kushukuru juu. Siku moja Subilaga akalalamika kichwa kinamuuma, lakini zahanati anaiogopa. Mzee akamshika mkono, twende. Nesi akawapima presha wote wawili. Ya binti ilikuwa salama. Ya mzee ilikuwa juu ya dari.

Na fomu je? Jina tu. Kila akitaka kuitoa, anajiuliza ataanzaje habari za moja hadi tano na mwiko uko mkononi. Anairudisha kwenye mkoba, usiku hapati usingizi vizuri.

Wiki ya nane Mwalimu Kahangwa akafika kukagua. Akaishika fomu, akaigeuza mbele na nyuma.

"Wiki nane, jina tu?"

"Mwalimu, alikuwa ananiuliza yeye."

"Na wewe ukajibu?"

"Nilijibu."

"Basi umefeli, binti. Nipeleke nikamwone huyo mzee, halafu nisaini kwamba unarudia."

Wakaenda. Subilaga njiani anahesabu shangazi zake mmoja mmoja, machozi yanamlengalenga.

Mzee Kasyupa akawapokea vizuri. Aliposikia habari ya ripoti, hakubishana. Akamkabidhi mwalimu kaunta buku. "Unatafuta ripoti? Ninayo."

Mwalimu akasoma kwa sauti. "Mteja: Subilaga, miaka ishirini na tatu. Tatizo: ana njaa, hajui kupika, anamwogopa mwalimu wake." Akakohoa kidogo, akafunua ukurasa.

"Mteja aliogopa kupimwa, nikatangulia mimi kukaa kwenye kiti. Yangu iko juu. Natumia dawa tangu siku hiyo."

Akafunua tena, sauti ikashuka. "Mteja aliniuliza kwa nini niliacha kupika. Sikuwahi kumwambia mtu. Nikamwambia kwamba tangu marehemu aondoke, sikuona sababu ya kuwasha moto kwa ajili ya mtu mmoja."

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mstari mmoja: "Mteja anaendelea vizuri. Mimi pia."

Mwalimu Kahangwa akaweka fomu kando ya daftari, akaanza kutia alama za vema. Chakula, kipo. Afya, ipo. Msiba, usingizi, upweke, vyote vipo. Akafika swali la arobaini hajaruka hata moja.

"Mzee," akasema, "wale sita kwa nini hukuwajibu?"

"Mwalimu, nimekaa mahakamani miaka thelathini. Mtu anayeulizwa tu, yeye haruhusiwi kuuliza, ni mshtakiwa. Mimi nilikosa nini? Kila mmoja wao nilimwuliza kama amekula. Hakuna aliyenijibu."

Mwalimu akatoa kalamu asaini kwamba binti amefaulu. Mzee akamzuia mkono.

"Ngoja kwanza. Na wewe, umekula?"

Mwalimu Kahangwa akafungua mdomo kutoa lile jibu la darasani. Akaufunga.

"Tangu asubuhi, bado, mzee."

Mzee akafunua ukurasa mpya, akaandika tarehe juu.

"Subilaga, pakua maharage. Haya, mwalimu, jina lako kamili?"

Siku ya mahafali, waliomwona mama yake Subilaga wanasema shangazi saba walitimia, vitenge vinameremeta. Pembeni yao alikaa mzee mmoja mwenye shati la kitenge kile kile, kaunta buku magotini. Faili alikataa kulifunga. Alisema mteja bado hajapata kazi.

Funzo: Ukitaka mtu akufungulie moyo wake, usimkalie kama hakimu, fungua wako kidogo, na umwachie nafasi ya kukusaidia na yeye.