Shingo ya Mama yake Mwalimu Mchopa

Hii nilisimuliwa na shemeji yangu wa Newala, nikashindwa kukaa nayo peke yangu. Isome mpaka mwisho ndipo umtumie mwenzako. Nawajua, mnapenda kutuma vitu ambavyo wenyewe hamjavisoma.

Kulikuwa na mwalimu mstaafu, Mwalimu Mchopa, umri unaelekea sabini. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, hata miaka mitatu hajatimiza. Picha haikupigwa hata moja, na kaburi lenyewe lilishalimwa mihogo. Waliomfahamu yule mama wote walishatangulia mbele ya haki. Mwalimu akawa anaumia moyoni: siku nikifa mimi, mama yangu ndiyo amefutika kabisa duniani.

Basi akaenda kwa Mzee Nandonde, mchongaji wa vinyago aliyesifika wilaya nzima, akamwomba amchongee mama yake.

Mzee akauliza pua ilikuwaje, macho je, paji la uso je. Mwalimu hajui. Mzee akasema haidhuru, wanawake wa Kimakonde wa zamani anawajua vizuri. Akachukua gogo la mpingo, akachonga mama mzuri mwenye chale mashavuni na ndonya, kile kipande cha mti cha urembo, kwenye mdomo wa juu. Mwalimu akakitazama kinyago, akashukuru kwa adabu, akasema si yeye. Cha pili, si yeye. Cha tatu kilichukua mwezi mzima, na hicho hata wewe ungelia ukikiona. Mwalimu akatikisa kichwa.

Hapo mzee akapandisha hasira. Mtu hujui sura ya mama yako, unajuaje kuwa si yeye? Na kusema kweli, hata mimi ningekasirika. Mwalimu aliinama tu, machozi yakamtoka, mtu mzima aliyefundisha nusu ya wilaya.

Mke wa mzee, Bi Somoe, alikuwa palepale uani anafinyanga vyungu. Kwao hapo mti ni kazi ya mwanamume, udongo ni wa mwanamke, na hakuna anayegusa kazi ya mwenzake. Siku hiyo Bi Somoe aliivuka mipaka. Alibeba bonge la udongo, akaliweka mikononi mwa Mwalimu.

"Shika mwenyewe, Mwalimu," akasema. "Fumba macho. Uso usiufikirie, iache mikono."

Mwalimu aliona haya. Mzee mzima, suruali imenyooka kwa pasi, anafinyanga udongo! Akina mama waliofuata vyungu wakachekea kwenye kanga zao. Lakini alifumba macho. Mwanzoni vidole vilipapasa tu, kisha vikaanza kubonyeza, vikavuta, vikalainisha. Kicheko kikaisha chenyewe. Alifinyanga saa nzima.

Alipofumbua macho, uso haukuwepo. Kulikuwa na shingo kwa nyuma, mabega, na mkunjo wa mbeleko ukipita bega la kushoto. Kichwa kimeinama kidogo, kama cha mtu anayepanda mlima na mtoto mgongoni.

"Ndiye," Mwalimu akasema. "Ndiye huyu. Mimi nilikuwa mgongoni."

Mzee Nandonde alikipokea, akakizungusha huku na huku akitafuta uso kwa mazoea ya kazi yake, asiuone. Mkewe akamsogelea.

"Baba Tausi," akamwambia taratibu, "vile vinyago vyako vitatu, mbona vyote ni marehemu mama mkwe wangu? Mama wa Mwalimu hukumchonga. Ulimchonga wako."

Mzee akaenda kuvitazama upya. Pua ileile, na lile tabasamu la upande mmoja. Miezi yote ile mikono yake ilikuwa inamlilia mama yake, na mwenyewe hana habari. Akaketi chini navyo mapajani, akalia, na mkewe akamwacha alie.

Bi Somoe alikikomba kile cha Mwalimu kwa ndani kisipasuke motoni, akakianika kivulini, akakichoma pamoja na vyungu vyake. Bega moja lilikuwa limepinda. Kabla hakijaanikwa, Mzee alikuwa amenyanyua kisu alinyooshe, kisha akakirudisha mahali pake. Alisema kazi hiyo haigusi.

Sasa kiko sebuleni kwa Mwalimu. Wageni huuliza uso uko wapi, naye huwakaribisha chai. Siku moja shemeji yangu alipiga hodi, hakuitikiwa, akasukuma mlango kidogo. Akamkuta mzee wa miaka sabini amekiinamia kile cha udongo, shavu amelilaza pale chini ya shingo, amefumba macho, ametulia tuli. Shemeji akarudi nyuma polepole, akaurudishia mlango.

Funzo: Fundi hata awe hodari vipi, mikono yake itasema ya moyo wake. Lililo moyoni mwako lifinyange mwenyewe, hata likipinda, maana mikono yako inakumbuka uliyodhani umeyasahau.