Pimbi Aliyemfukuza Mtani

Paukwa!
—Pakawa!
Alipita nani?
—Alipita mgeni, akaacha vumbi lake mlangoni petu.
Haya, mpisheni akae, tumsikilize.

Hapo zamani za kale, Pimbi wa mlimani alioa bondeni, akahamia ukweni. Mkewe, Zawena, alikuwa mcheshi. Yeye mwenyewe maneno yake yalikuwa machache. Wakakaa, wakakaa, wakakaa, hata asubuhi moja Zawena akafa.

Sheria ya bonde ilikuwa moja: jua lisizame maiti hajazikwa, maana roho yake itapotea njia.

Watu wakaja, wakalia. Mara akaingia Mhanga, pua mbele, mwili nyuma. Hakupiga hodi. Akakalia kigoda cha marehemu, akanywa uji wa wafiwa, akapaza sauti:

"Zawena, mvivu we! Umeona mtama umeiva, ukaona bora ufe kuliko kuvuna!"

Wanawake wakacheka katikati ya kilio. Pimbi akainuka. Kwao mlimani, msibani hata kikohozi huombewa radhi. Akashika fimbo.

"Toka! Kwetu maiti hatukanwi!"

"Kwenu," akasema Mhanga, akaenda zake.

Jua likafika utosini. Hakuna aliyegusa ardhi kuchimba kaburi. Pimbi akaparua mwenyewe; udongo ukarudi. Akaparua tena, ukarudi. Akaparua mara ya tatu. Kucha zikatoka damu.

"Mama, mbona hamnisaidii?" akamwuliza mkwewe.

"Mwanangu, kaburi la kwetu huchimbwa na mtani. Nawe mtani umemfukuza."

"Anayemtukana ndiye amzike? Kwa nini?"

"Mimi nimezaliwa nikakuta hivyo. Kamwulize mwenyewe. Ila uulize kweli, usiende kugomba."

Pimbi akatupa fimbo, akakimbia hadi kwenye shimo la Mhanga.

"Hodi! Nimekuja kuuliza. Zawena alikukosea nini?"

"Hajanikosea. Babu zake na babu zangu walipigana mpaka wakachoka, wakaapa: tutaniane, tusikasirikiane, tena tuzikane. Mfiwa ana machozi machoni, jembe halioni. Sisi tunacheka ili tuweze kuchimba. Na leo nikimnyamazia Zawena, nitakuwa nimemfanya mgeni."

Pimbi akainamisha kichwa, akalipima neno hilo. Mlimani halikuwako. Lakini lilikuwa neno zima.

"Basi njoo, tafadhali."

"Tafadhali? Mtani habembelezwi, bwana. Mtani hutaniwa!"

Pimbi hakuwahi kumtania mtu. Akatazama jua, limeinama. Akaikumbuka sauti ya Zawena jikoni, akasema kama alivyoisikia:

"Mke wangu alisema, ukialikwa karamu, pua yako inafika leo, wewe unafika kesho."

Mhanga akaangua kicheko. "Huyo ndiye Zawena! Twende, shemeji."

Akachimba, akachimba, akachimba. Alipomaliza akajilaza humo kaburini.

"Pananitosha! Sitoki bila kuku!"

Watu wote wakamgeukia Pimbi.

"Lala tu," akasema Pimbi. "Kuku wetu hula mchwa, na tumbo lako limejaa mchwa. Atakufuata mwenyewe."

Bonde zima likacheka. Pimbi naye akacheka. Na katikati ya kicheko, machozi ambayo hayakutoka tangu asubuhi yakatoka. Mhanga akapanda juu, akampa bega.

Zawena akazikwa, jua bado linaugusa mlima.

Hadithi yangu naiegesha hapa. Kila watu wana namna yao ya kulia. Ukifika kwao, tanguliza swali, fimbo iache nyumbani. Nami zamu yangu ikifika, enyi watani wangu, njooni na majembe. Kuku mwacheni.